Runinga Kubwa ya Fundi Futi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni seremala, na mtaa mzima unamwita Fundi Futi. Jina hilo amelipata kwa haki. Futi yake ya chuma, ile inayojikunja yenyewe ndani ya kikopo chake, haimtoki kiunoni, na anapima hata pasipoulizwa. Ukimkaribisha chai anapima meza. Ukifiwa anakuja kukupa pole, na huku pole inamtoka mdomoni macho yake yako kwenye fremu ya mlango, ameshaona imepinda upande wa juu. Nilipofungua saluni yangu alikuja siku ya kwanza, akasimama katikati, akasema, "Hongera, shemeji. Hiki chumba kimekosewa inchi mbili." Nilimwambia atoke. Kesho yake akarudi na rafu ya kuwekea mafuta na vitana, ikaingia pale ukutani bila hata kusukumwa.

Ndivyo alivyo. Maneno yake machache, na mengi kati ya hayo machache ni vipimo. Hata dada yangu alimpata hivyo hivyo. Alikuja kwetu kumtengenezea baba kitanda, akamwona dada amekaa kwenye kochi, miguu inaning'inia, kwa sababu dada yangu ni mfupi, na hilo nalisema nikiwa mbali naye. Siku ya kuleta kitanda alileta na kiti juu yake. Kiti cha mikono, chenye miguu mifupi, ambacho hakuna aliyekiagiza. Dada akakaa, nyayo zikagusa sakafu. Hakuwa amempima, alimkadiria kwa macho tu kutoka mlangoni. Baba akasema, "Huyu kijana ameshaleta posa na sisi tunadhani analeta fanicha." Kiti hicho mpaka leo ni cha dada peke yake, na wewe mgeni ukikikalia utakiona cha mtema kuni.

Sasa, dada yangu ana sukari. Amekuwa nayo miaka mingi, akaizoea, akawa anaitaja kama mtu anayemtaja mpangaji msumbufu. Halafu ikamshika macho. Kwa daktari wa macho nilimpeleka mimi, kwa sababu mumewe aliambiwa tunakwenda kubadilisha miwani tu. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, akatueleza taratibu kwamba katikati ya jicho pamekufa, pembeni pamebaki. Akimtazama mtu usoni, uso ndio anaoukosa. Anaona masikio, mabega, ukuta wa nyuma. Pale palipokufa hapatarudi, alisema, ila kilichobaki kitunzwe. Vitu vikubwa, vyenye mwanga, vya karibu, hivyo ataendelea kuviona. Dada alishukuru vizuri, akafunga mkoba wake, na tulipofika nje ya geti akanikamata mkono.

"Usimwambie fundi. Ukimwambia, mimi na wewe basi."

Nikamwapia. Ningefanyaje? Dada yangu akikaza shingo, hata baba yetu alikuwa anaondoka chumbani.

Basi akaanza kazi ya kuficha, na kazi hiyo alikuwa hodari nayo. Nyumba yake anaijua, anatembea humo bila kugusa kitu. Akimimina chai, kidole kinatangulia kwenye ukingo wa kikombe. Watu anawajua kwa sauti, kwa mlio wa viatu, kwa manukato. Akizungumza nawe anageuza kichwa akuone kwa pembe ya jicho, kama kuku anavyomwangalia mtu, na wanawake wa mtaani wakaanza kusema siku hizi mke wa Fundi Futi ana maringo, hamtazami mtu usoni. Maneno hayo yalinikata maini. Kwa sababu dada yangu ndiye aliyekuwa mwenye tamthilia ya jioni mtaa huu. Walikuwa wanajaa sebuleni kwake, na aliyekosa anakuja kesho yake kusimuliwa, na dada akisimulia inakuwa tamu kuliko ile yenyewe, maana kwa kutia chumvi hana mpinzani. Ghafla akaacha. Tivii yao ndogo ya zamani, ile yenye kisogo, ikafunikwa kitambaa. Ukimuuliza anasema, "Tamthilia za siku hizi hazina kichwa wala miguu." Wanawake wakapungua, wakaisha.

Na kulikuwa na Jumapili. Binti yao mmoja ni muuguzi, anafanya kazi mbali, na kila Jumapili hupiga simu ya picha. Jumapili moja nilikuwepo. Mtoto alikuwa amekata nywele zote, kichwa kinang'aa, mimi nikashika mdomo nisipige kelele kwa sababu nywele zile nilizilea mimi. Dada akainua simu, akaitazama, akatabasamu. "Nywele zako zimekua vizuri, mwanangu," akasema. Mtoto akapapasa kichwa chake kitupu. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, naye aliiona simu.

Mimi nilidhani hajashtukia kitu. Wanaume hawa unaweza kubadilisha mapazia ya nyumba nzima wasijue. Lakini asubuhi moja akaja saluni kabla sijapata mteja, akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, akavua kofia. Fundi Futi hakai kwenye kiti cha mtu bila kukikagua miguu. Nikajua leo kuna jambo.

"Shemeji," akasema, "dada yako haoni."

Nikachukua kitana nikaanza kukisafisha, na kilikuwa kisafi. "Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe." Akaivuta futi yake kidogo, akaiachia, ikajirudi. "Juzi nilirudi mapema. Nilivaa ndala, sikufanya kelele. Nikasimama mlangoni namwangalia tu. Akainua uso, akanielekea sawasawa, akatabasamu. Akaniambia, 'Karibu, pita ukae. Mwenyewe hayupo, yuko karakana.'"

"Nikarudi nyuma mpaka kwenye kona," akaendelea. "Nikakohoa. Nikaja tena. Akasema, 'Umewahi leo, fundi.' Nikamwambia ndiyo, nimewahi."

Nililia pale pale na kitana mkononi. Yeye hakulia. Alisema tu kwamba tangu siku hiyo hajaingia nyumbani kwake bila kukohoa kwanza, na kifua kimeanza kumuuma kwa kukohoa kikohozi asichokuwa nacho. Nikamweleza yote aliyosema daktari, kiapo kikaenda na maji. Alisikiliza kichwa chini, na nilipomaliza akawa ameshika maneno matatu tu.

"Vikubwa, vyenye mwanga, vya karibu," akasema, na kwa jinsi alivyoyasema nikajua ameshachukua oda.

"Lakini asijue kwamba unajua," nikamwambia. "Ameficha ili usimhurumie. Ukimfunulia, utamvunja."

"Sitamfunulia. Nitamnunulia tivii."

Barabara kuu kuna duka kubwa la vifaa vya umeme, lenye vioo na kiyoyozi kinachokupiga utosini ukiingia. Fundi alikuwa ameshaipitia tivii anayoitaka mara kadhaa, akiitazama kutoka nje. Siku ya kwenda kununua nilifunga saluni nikamfuata, maana peke yake wangemuuzia friji. Nilimlazimisha avae shati la pasi na aache futi nyumbani. "Leo unakwenda kama mteja," nilimwambia. "Hatutaki aibu ya kupima milango ya watu." Akakubali, ila njia nzima mkono wake ulikuwa unakwenda kiunoni na kurudi mtupu.

Tivii yenyewe, acha kabisa. Ilikuwa imetundikwa juu kwenye ukuta wa mwisho, ile ya bei ya mabosi, nyembamba, na nyeusi yake nyeusi kweli. Inaonyesha jani lenye tone la maji, na tone hilo ulitaka kunyoosha mkono ulifute. Kibao chini yake kilisema inchi sabini na tano, na bei ya zamani imepigwa mstari mwekundu. Dada wa dukani, msichana mwenye fulana ya kampuni na sauti ya upole, akatueleza kwamba hiyo ndiyo ya maonyesho. Imekuwa ikiwaka hapo dukani mwaka mzima, fremu ina mkwaruzo kwenye kona, na toleo jipya limeshaingia. Ndiyo maana wameiteremsha bei hivyo. Inauzwa kama ilivyo, na ikishatoka hairudi.

Hata hiyo bei iliyoteremshwa ilikuwa inameza pesa yote ya randa ya umeme, mashine ambayo shemeji amekuwa akiiota tangu nimjue. Nikamtazama. Hakuwa anafikiria randa. Alikuwa ananyanyua kichwa kulielekea lile tone la maji, ameziba jicho moja kwa kiganja, halafu la pili, anajaribu kuona kama anavyoona mkewe.

"Sebule yenu kubwa, baba?" msichana akauliza. "Mtakaa umbali gani?"

"Atakaa karibu."

"Karibu sana haishauriwi, picha inakuwa—"

"Dada," nikamkatiza, "muuzie mzee unachouza."

Akatuuzia. Wakaahidi kuileta Ijumaa.

Nyumbani fundi alimwambia mkewe kwamba amechoka kwenda kutazama mpira kwa majirani. Uongo gani huo? Mtu huyu hajui hata timu moja ina wachezaji wangapi. Dada akasema taratibu, "Na randa yako?" Fundi akasema randa ya mkono bado inakata. Dada akanigeukia mimi, akaniangalia kwa ile pembe ya jicho, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Baadaye jikoni akaninong'oneza kwa hasira: "Mwambie shemeji yako aiache huko huko dukani. Watu watajaa humu. Wataniuliza umeona yule, umeona hili. Nitawajibu nini?" Nikataka kumwambia kila kitu, nikajiuma ulimi.

Fundi naye alikuwa karakana, anamtengenezea tivii kabati la ukutani. Alitoa mbao ngumu alizokuwa amezificha miaka mingi nyuma ya karakana, zile ambazo wateja wakiziulizia anasema zina wadudu. Akazipiga randa kwa mkono, akazipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja unasikia baridi. Akasimamisha nguzo mbili, na kati ya nguzo na nguzo akaacha nafasi ya tivii, inchi sabini na tano na kidogo ya kupumulia. Alikuwa na namba kichwani kutoka kwenye kibao, na kwa seremala inchi ni inchi, inalala kwenye ubao kutoka huku kwenda kule. Futi si mimi niliyemwambia aiache nyumbani? Basi.

Ijumaa wakaja vijana wawili wa duka, wakaingiza tivii, wakaifunga katikati ya kabati, wakawasha kuhakikisha, wakapewa maji, wakaenda. Sisi tukabaki tunatazama. Kila upande wa tivii kulikuwa na uwazi unaoingiza mkono mzima. Mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kuacha nafasi ya kupitisha karatasi, kwenye sebule yake mwenyewe ameacha madirisha mawili.

Fundi akaivuta futi, akapima tivii. Akapima tena. Uso ukambadilika. "Sitini na tano," akasema. "Wametuuzia sitini na tano kwa jina la sabini na tano. Inarudi dukani leo."

"Ikishatoka hairudi, walisema."

"Mwizi ndiye anayesema hivyo."

Hapo nikaogopa kweli kweli. Kichwa chake nakijua. Ingerudi, pesa ingegoma kurudi, na dada angebaki na ile ya kisogo chini ya kitambaa, na fundi angeendelea kukohoa mlangoni mpaka azikwe. Nikamwambia kwanza twende tuulize. Tukaenda, yeye mbele na futi kiunoni, mimi nyuma nasema naye na hasikii.

Dukani hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye tivii nyingine yenye namba ile ile, akaipima mbele ya watu. "Sitini na tano na nusu. Na hii pia mmeikata." Wateja wakageuka. Yule msichana akaja, na hakukasirika, sijui wanawafundisha wapi uvumilivu huo, mimi ningeshajibu. Akasema, "Baba, niazime futi yako." Akashika ncha yake, akaiweka kwenye kona ya chini, akampa fundi kikopo, akamwelekeza kidole kwenye kona ya juu upande wa pili. Fundi akanyoosha. Akasoma. Akasoma tena.

"Sabini na tano," akasema.

"Tivii zinapimwa kona kwa kona, baba. Za kila kampuni."

"Kona kwa kona." Alikuwa anaisema kama mtu aliyeambiwa jua siku hizi linachomozea jikoni. "Na mlango mkiupima hivyo, mtu ataingiaje?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka. Aliiacha futi ijikunje, akavua kofia. "Nisamehe, binti yangu," akasema. "Nimekudhania mwizi na kosa ni langu." Msichana akasema hakuna tabu. Tukarudi kwa miguu, fundi mbele, kichwa chini. Nilipotaka kumtania nilimtazama nikaacha. Miaka yote hiyo mikono ya mtu haijakosea, halafu inakosea kazi hii moja aliyoitaka zaidi ya zote.

Alipofika nyumbani alichukua msumeno. Alitaka kulikata kabati lote, aanze upya. Dada akatoka chumbani aliposikia msumeno unagusa ukuta, akasogea mpaka kwenye kabati, akapitisha kiganja kwenye mbao. Akasifu msasa. Mkono ukafika kwenye nguzo, ukaingia kwenye uwazi, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Akasimama.

"Hapa ni nini?"

Nikamweleza mimi, kona kwa kona na yote, na mlango, na kofia. Dada akaanza kucheka. Alicheka akashika nguzo, akacheka akakaa chini, kilemba kikamlegea. "Umekosea, fundi," akasema. "Miaka yote hii nasubiri. Kitanda hukukosea, jeneza la mama hukukosea, kukosea unakuja kukosea tivii. Usiguse kitu hapo. Nataka kila anayekuja aone." Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tutoke kwa daktari. Fundi alisimama na msumeno wake, anamwangalia tu, na sidhani kama alikuwa anasikia anachochekwa. Akaweka msumeno chini.

Jumapili asubuhi alikipiga randa kipande cha ubao, akakipachika kwenye uwazi wa kulia kama kirafu kidogo. "Cha simu," akaniambia. Kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyonipangia mimi. Wateja wangu wananiletea kila aina ya simu, najua kuiunganisha simu na tivii ili picha ya simu ijae kwenye tivii. Simu ilitakiwa kukaa ubavuni mwa kioo, iwatazame wao huku wao wanatazama tivii. Bila uwazi ule tungeishikilia kwa mkono.

Kabla hatujapiga simu alibeba kile kiti kifupi cha dada, akakisogeza mbele mpaka karibu na kabati. Dada akang'aka. "Unaniweka puani mwa tivii kama mtoto?"

"Sakafu ya kule imebonyea," fundi akasema. "Kiti kinayumba. Hapa ndipo pako sawa."

Sakafu ile aliimwaga yeye mwenyewe na haina hata shimo la sisimizi. Dada akanung'unika, akakaa. Alikuwa amejitayarisha, naona, kusema umependeza mwanangu na nywele zimekua, kisha aende zake jikoni. Vidole vyake vilikuwa vimeshika mikono ya kiti. Fundi akavuta stuli, akakaa kando yake. Nikaweka simu kwenye kirafu, nikaipiga namba ya binti.

Sasa, ukipiga simu ya picha, kabla mwenzako hajapokea, unajiona wewe mwenyewe. Hilo hatukulifikiria, si mimi wala fundi. Tivii yote ikajaa wao wawili. Mama kwenye kiti na mzee kwenye stuli, nyuso kubwa, zina mwanga, ziko karibu. Simu inaita.

Dada akageuza kichwa pembeni. Akakirudisha kidogo. Akatulia hapo. Nilisubiri aseme umependeza mwanangu, hakusema. Akainua mkono polepole kuelekea tivii, kidole kikasimama karibu na shavu la yule mzee.

"Fundi," akasema.

"Niko hapa."

"Najua uko hapo. Nakuona." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umekonda. Mashavu yamekwenda wapi? Na hizi mvi zote?"

"Zimekuja taratibu."

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia," fundi akasema.

Simu ikakata, tivii ikawa nyeusi. Nikanyoosha mkono nikaipiga tena kimya kimya, wakarudi wote wawili, na nikawa naomba mtoto asipokee kwanza. Dada hakuwa ameondoa macho pale. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, nadhani aliogopa kuziba kile anachokiona.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu uliponikaribisha. Ukasema mwenyewe hayupo."

Akafikiri. Nikaona kwenye ile tivii, waziwazi, uso wake ulivyobadilika alipofika. "Yule alikuwa wewe?"

"Alikuwa mimi."

"Nilimwambia apite akae, akaondoka bila kuaga," dada akasema. "Nikasema mtu gani huyu hana adabu." Akaanza kucheka katikati ya kilio, na mkono wake ukaiacha tivii, ukatafuta pembeni, ukampata shavuni yule wa kweli. Fundi akauinamia. Hapo ndipo alipolia, mwanaume yule, mabega yakimtikisika, na mimi nikageukia ukutani nikawa naangalia msumari.

Simu ikapokelewa. Uso wa binti ukajaa ukuta mzima, na sauti yake ya wasiwasi. "Mama? Baba? Mbona mnalia? Kuna nini huko?"

Dada akajifuta na upande wa kilemba, akageuza kichwa, akamtazama mwanawe kutoka kidevuni mpaka utosini, bila haraka.

"Hatuna kitu," akasema. "Wewe ndiye utuambie. Nani alikukata nywele?"

Wanawake wa mtaani wamerudi, jioni sebule inajaa, na kila mgeni anaonyeshwa madirisha mawili ya Fundi Futi kabla hajapewa chai. Randa ya umeme haijapatikana. Macho ya dada hayajarudi na hayatarudi, na sasa analisema mwenyewe bila kuficha, anakwambia sogea, simama upande huu. Fundi ameacha kukohoa. Jioni anakuja na ndala zake, anasimama mlangoni kimya, na dada kwenye kiti chake kifupi anainua uso kuelekea pale palipo na kivuli.

"Karibu, pita ukae," anamwambia. "Mwenyewe hayupo."

Naye anapita, anakaa.